Chaneli Mbili za Bi Kipaza

Kabla ulimi wake haujafungwa, mama huyu alikuwa sauti. Wasafiri wa kituo kikuu cha mabasi walimjua bila kumwona, maana alikaa ndani ya kibanda cha vioo juu ya ofisi za tiketi, na kilichoshuka chini kwa abiria kilikuwa maneno yake tu. Basi la kaskazini linaondoka lango la tatu. Basi la milimani limechelewa, tunaomba radhi kwa usumbufu. Mama uliyepotelewa na mtoto mwenye fulana ya njano, mwanao yuko hapa ofisini, na biskuti zetu zinakaribia kwisha. Watu walicheka na mizigo yao mabegani. Walimwita Bi Kipaza, na jina likamganda hata mtaani. Mwanawe wa pekee alikua akiamini kwamba kila mama duniani huita watu mezani kama yeye: "Abiria wote wa chakula hiki mnaombwa kunawa mikono."

Mumewe alifariki mtoto akiwa bado wa kubebwa, na kwa sauti hiyo hiyo alimlea, akamsomesha, akamwoza. Watu walimwambia ana bahati, kazi ya kukaa kitini na kupiga domo. Yeye alijibu kwamba domo nalo lina jasho lake, jaribuni kutangaza ajali ya basi kwa watu wanaosubiri wageni, mkiwaangalia usoni kupitia kioo.

Siku ulimi ulipofungwa alikuwa kazini. Asubuhi hiyo aliamka na ganzi kwenye mkono wa kulia, akadhani ameulalia. Akapanda ngazi zake, akafuta kioo kwa ncha ya kitenge, akabonyeza kitufe chekundu atangaze basi la saa nne. Kichwani maneno yalikuwa yamejipanga vizuri kabisa. Kilichotoka kilikuwa, "Kesho."

Akashtuka, akajaribu tena. "Kesho. Kesho, kesho."

Chini, vichwa viliinuka. "Kesho vipi? Tiketi zetu ni za leo!" Mmoja alianza, wengine wakadakia, na mara watu walikuwa wamelizunguka dirisha la tiketi wakidai nauli zao. Dereva wa basi akapiga honi kuonyesha kwamba yupo na gari lipo, akazidi kuwachanganya. Bi Kipaza aliwaona wote. Alitaka kuwatuliza, na kila alipofungua kinywa kuwatuliza aliwachochea. Mkuu wa kituo alipanda ngazi mbilimbili aje kumgombeza, akamkuta ameegemea kiti mdomo umekwenda upande, machozi yanamtiririka, kidole bado kimekandamiza kitufe chekundu, anauambia umati mzima kesho.

Kiharusi, walisema hospitalini. Mkono wa kulia haukurudi, mguu ulirudi nusu. Ulimi ulirudi na neno lile moja tu. Ukimwuliza Bi Kipaza kama anataka chai, alikuwa na jibu zima kichwani, nataka, ila usiijaze sukari kama jana, na kilichotoka kilikuwa kesho. Akitaka kuaga, kesho. Akikasirika, kesho. Kichwa nacho kilikuwa na ukorofi wake: siku nyingine akikusudia kukataa kiliinama kikakubali, na akikubali kilitikisika kikakataa, mpaka watu wa nyumbani wakaacha kukiamini. Daktari alieleza kwamba yapo maradhi ya namna hiyo, kwamba maneno yako ndani, ni mlango uliogoma. Mwanawe aliitikia. Lakini kuambiwa jambo hospitalini ni kitu kimoja, na kukaa na mtu anayekujibu kesho kutwa nzima ni kingine. Taratibu walianza kuzungumza naye kama anavyozungumzishwa mtoto mchanga, kwa upendo mwingi na bila kungoja jibu.

Walimhamishia kwao. Mwanawe alikuwa mchanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole ambaye kucha zake hazikukosa alama ya ukuta wa mtu fulani. Mkewe alikuwa mshonaji, na chumba cha nyuma kilikuwa karakana yake. Cherehani ilianza kulia watu wakishakunywa chai na haikunyamaza mpaka mchana. Walikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa sekondari, ambaye simu na yeye walikuwa pete na kidole. Nyumba ilikuwa ndogo. Kiti cha Bi Kipaza kiliwekwa sebuleni, penye mwanga, na mbele ya kiti ilikuwa televisheni.

"Asikae kimya peke yake," mwanawe alisema. "Mtu aliyezoea kelele za kituo."

Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda kushona, mkwe aliwasha televisheni, akamwekea Mama kipindi cha mazungumzo, akampa rimoti kwenye mkono wa kushoto ili ajione ana mamlaka. Kisha mlango wa nyuma ukafungwa na cherehani ikaanza.

Hakuna aliyejua jinsi mazungumzo yale yalivyomuuma. Watu watatu wameketi kwenye makochi mekundu wakimwaga maneno kama bomba bovu, wanakatizana, wanacheka, wanarudia walichokwisha kusema, hawana habari kwamba neno ni mali. Bi Kipaza aliwatazama midomo tu. Hata alipojaribu kufumba macho, sauti zilimfuata. Alikuwa kama mtu mwenye njaa aliyefungiwa jikoni kwa watu.

Rimoti ilikuwa na kitufe kimoja tu ambacho dole gumba lake la kushoto lilikimudu, kile kikubwa cha kupandisha chaneli. Vingine vilikuwa vidogo, dole liliteleza. Kwa hiyo alipanda. Akapita wapishi, akapita mpira, akapita watu wanaolia kwenye tamthilia na watu wanaouza sufuria, akapita lugha asizozijua, na siku moja, juu kabisa kwenye chaneli ambazo watu hawafiki, akaikuta treni.

Haikuwa filamu. Mtu alikuwa amefunga kamera mbele ya treni, pale anapokaa dereva, basi. Reli mbili zinakuja, zinapita chini yako, na nyingine zinakuja. Mashamba, daraja, mvua inapiga kioo na kifuta maji kinaikwangua, stesheni ndogo yenye benchi moja, mtu mwenye baiskeli anangoja geti lifunguliwe. Hakuna aliyesema neno. Hakukuwa na muziki wala maandishi. Ilikuwa sauti ya magurudumu tu, kutwa nzima, na mchana mwingine ilikuwa reli nyingine na nchi nyingine.

Bi Kipaza aliweka rimoti mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu augue, mabega yalimshuka.

Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa kazi yake. Mkwe akishafunga mlango, yeye alianza kupanda chaneli moja moja, na akichelewa alikasirika kama mtu aliyeachwa na gari. Alizijua njia. Kulikuwa na ya milima yenye theluji, akiipitia alijifunika kanga miguuni. Kulikuwa na ya kandokando ya ziwa, ambayo ilikuwa na mahandaki, na alipoingia handakini alishika pumzi mpaka nukta ya mwanga itokee mbele. Yeye aliyewasafirisha watu maisha yake yote alikuwa hajawahi kusafiri zaidi ya safari za msiba. Lakini si hilo lililompendeza zaidi. Kilichompendeza ni kwamba humo hakuna aliyemzidi. Mbele ya treni ile alikuwa mtu kamili, kwa sababu hakuna aliyehitajika kusema.

Mchana mkwe akitoka karakana na uzi mdomoni, aliikuta. "Maskini Mama, televisheni imekwama tena kwenye hii takataka!" Akamrudishia makochi mekundu. "Haya, tazama watu wachangamke." Bi Kipaza alisema kesho, na mkwe akamkubalia: "Eeh, Mama, kesho."

Hivyo ndivyo alivyoishi kwa muda wa kutosha, akinyang'anywa treni mchana na kuirudia asubuhi, na pengine angeishi hivyo mpaka mwisho.

Jioni moja mwanawe alirudi kutoka kazini na uso wa mtu aliyeokota kitu. Kampuni ya king'amuzi ilikuwa imetuma ujumbe kwa wateja wake wote. Vifurushi vikubwa vinafutwa. Sasa kila nyumba itachagua chaneli inazozitazama kweli, na kulipia hizo tu.

"Hatimaye wameamka!" alisema, hata viatu hajavua. "Tangu nianze kulipia hii televisheni, nalipia chaneli ambazo hata mwenye kampuni hazijui. Nani humu ndani alishawahi kutazama mbio za ngamia?"

"Mimi nataka ya tamthilia," alisema binti.

"Utapata. Sikilizeni. Tutafanya kwa haki. Kila mtu chaneli mbili. Mimi mbili, mama yako mbili, wewe mbili." Akageuka kwenye kiti cha mamake, akapiga goti mbele yake ili macho yao yawe sawa. "Na Mama mbili zake. Asiseme mtu kwamba Mama hana chake kwenye nyumba hii."

Bi Kipaza alisikia kila neno. Moyo ulimruka. Mbili! Yeye moja ilimtosha.

Wa kwanza kuchagua alikuwa baba mwenye nyumba, mpira na mieleka, mkewe akamcheka. Mke akachukua ya mitindo ya nguo na ya mapishi. Binti akachukua tamthilia mbili zilizofanana kama chapa. Kisha wote watatu wakageuza viti wakamwelekea bibi.

"Sasa Mama. Nitapitisha moja moja. Ukiiona unayoitaka, nipe ishara yoyote."

Akaanza kutoka chini. Wapishi. "Hii, Mama?"

"Kesho."

"Hii?"

"Kesho."

Kwenye ya katuni kichwa cha Bi Kipaza, ambacho alikusudia kikatae, kiliinama. Binti akacheka. "Bibi anataka katuni!" Bi Kipaza akajaribu kukitikisa kichwa kwa nguvu zake zote akatae, kikainama tena. Mwanawe naye akacheka kidogo, si kwa ubaya, akaendelea. Walipofika kwenye zile lugha ngeni, binti akasema, "Baba, huko juu hakuna kitu, tutakesha hapa."

"Kweli," akasema baba, na kidole chake kikaacha kubonyeza.

Hapo Bi Kipaza aliona mlango unafungwa. Akainua mkono wake wa kushoto, akaunyosha kuelekea kwenye rimoti iliyokuwa mkononi mwa mwanawe. Alikuwa amebakiza kiasi cha kiganja aifikie, aendelee kupanda mwenyewe, awaonyeshe. Mwanawe aliutazama mkono ule unavyokuja. Akaiweka rimoti chini haraka, akaupokea mkono wa mamake kwa mikono yake miwili, akaubusu.

"Najua, Mama," alisema. "Najua unatushukuru. Usijali."

Mkwe akafuta macho kwa upindo wa gauni. Binti akainamisha kichwa. Ilikuwa jioni nzuri kwa kila mtu ndani ya chumba kile isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa ameshikwa mkono asiweze kuutoa.

"Mama alikuwa mtangazaji," mkwe alisema. "Atapenda taarifa ya habari. Wale wanaotangaza kutwa nzima."

"Umesema. Na ya pili?"

"Ya mahubiri. Zamani akisikia neno zuri alikuwa analirudia wiki nzima."

Mwanawe akapiga paja kwa furaha, kama mtu aliyekumbushwa jina alilolisahau. Akabonyeza, akathibitisha, na skrini ikawashukuru kwa kuchagua.

Asubuhi iliyofuata Bi Kipaza alianza kupanda kama kawaida. Wapishi walikuwepo. Kisha skrini ikawa ya bluu: chaneli hii haimo kwenye chaguo lako. Akabonyeza. Haimo kwenye chaguo lako. Akapanda kwenye bluu ile kwa ukaidi, akijiambia huenda ile moja imesahauliwa, na alipofika mahali pake palikuwa bluu kama kwingine. Akaketi akiitazama. Mkwe alipotoka kuchukua mkasi akasema, "Lo, Mama, umepotelea wapi huko!" akamrudisha kwenye habari. Mtu mwenye tai alikuwa akisema, na alipomaliza akamwachia mwenzake aendelee kusema.

Akiona habari zimemchosha aliwekewa mahubiri. Mhubiri alikuwa hodari. Hakumeza hata mate.

Siku zilizofuata Bi Kipaza alifikiri jinsi gani atasema. Kuandika hakuweza, mkono wa kushoto uliandika mistari ya kuku, na herufi zenyewe zilimkimbia kama maneno. Kuonyesha kwa kidole hakuweza, angeonyesha nini, na kitu hakipo? Ndipo siku moja macho yake yalipotua kwenye meza ndogo ya pembeni, palipokuwa na dawa zake. Zilikuwa ndani ya vikasha virefu, vyembamba, vya kutosha.

Akavipanga. Kimoja nyuma ya kingine, sawasawa, pembezoni mwa meza, kikubwa mbele. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima, maana kila alipogusa cha tatu cha pili kilipinda. Alipomaliza alikitazama alichofanya, akaona hata mtoto wa chekechea angejua hii ni nini. Akaanza kuvisukuma kwa kiganja, polepole, na ili asiache shaka akajaribu kuiga magurudumu. Kinywa kikatoa kilichokuwa nacho. "Kesho-kesho. Kesho-kesho. Kesho-kesho." Na safari hii, jamani, ilifanana. Ilifanana hasa! Akafurahi mpaka akaongeza mwendo.

Mkwe alisikia kutoka karakana, cherehani ikanyamaza. Alisimama mlangoni akamwona mama mkwe wake, mtu wa heshima zake, anasukuma vikasha vya dawa mezani huku anapiga kelele na uso umemwiva. Akaweka mkono mdomoni.

"Mama! Mama, umekula ngapi?"

Alivikusanya vyote, akavifungua kimoja kimoja akihesabu vidonge. Vilikuwa sawa, lakini hakutulia. Akampigia mumewe dukani, na saa hiyo hiyo wakampeleka kwa daktari. Njiani kwenye gari la kukodi Bi Kipaza aliendelea kusema kesho-kesho kwa sauti ndogo, akimtazama mwanawe machoni, akimsihi. Mwanawe alimkumbatia kichwa kifuani.

Daktari alimmulika macho, akamgonga magoti, akawaita pembeni, si mbali sana. "Ubongo unachoka," alisema. "Msimwache kwenye ukiwa. Azungumziwe sana. Asikie sauti za watu."

Walirudi nyumbani wakaziweka dawa juu ya kabati, na sauti ya televisheni wakaipandisha.

Hapo ndipo Bi Kipaza alipoacha. Hakununa wala hakugoma kula. Aliacha tu kujaribu, kama mtu aliyebisha hodi mpaka vidole vikamuuma. Mtu mwenye tai alisema, yeye alikodoa macho kwenye kona ya skrini mahali ambapo hapakuwa na mdomo wa mtu.

Rafiki yake wa kituoni, ambaye walimwita Mkata Tiketi na bado alikuwa akizikata, alikuja kumwona siku moja ya mapumziko. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na roho kubwa kuliko sauti. Alimwambia umbea wote wa kituo, nani kahamishwa, nani kaolewa tena, na kwamba kibandani sasa hakuna mtu, wameweka mashine inayotangaza. "Shoga, hiyo mashine haijui hata kumtania mtu! Mtoto akipotea siku hizi kapotea." Bi Kipaza alicheka upande mmoja wa uso. Kisha rafiki akageukia televisheni, akamtazama mwenye tai kwa muda, akauliza, "Hivi wewe unapenda haya?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuuliza. Bi Kipaza alifungua kinywa.

"Anapenda sana," mkwe alijibu, akiweka sinia la chai. "Ni chaneli yake mwenyewe. Mwanawe kamchagulia."

"Mungu ambariki mwanao," alisema Mkata Tiketi, akachukua kikombe.

Jambo lenyewe lilipokuja kujulikana, lilijulikana ovyo, bila mtu kulitafuta. Mwanawe alikuwa amelala kwenye kochi akipandapanda chaneli kwa uvivu, mpira ulikuwa mapumziko. Bluu, bluu, bluu. "Hii kampuni nayo," alimwambia mkewe aliyekuwa akipiga pasi. "Wamefyeka kila kitu. Hata ile takataka ya treni, iliyokuwa inamkwamia Mama, wameifyeka."

Kiti cha nyuma yake kilitoa sauti. Aligeuka. Mamake alikuwa ameinuka nusu, mkono wa kushoto umeng'ang'ania ukingo wa kiti, macho yamemtoka.

"Kesho! Kesho! Kesho!"

"Mama, nini? Tulia." Kisha akamtazama vizuri. Akatazama skrini. "Treni?"

"Kesho!" Na machozi yakaanza.

"Ile treni, Mama? Ulikuwa unaitazama? Haikuwa imekwama?"

Kichwa cha Bi Kipaza kilitikisika kukataa, kwa ukorofi wake, lakini mara hii mwanawe hakukitazama kichwa. Alitazama macho. Mkewe aliisimamisha pasi wima. "Vikasha vya dawa," alisema kwa sauti ndogo. "Ee Mola wangu. Alikuwa anavisukuma." Akaketi pale pale, juu ya nguo za watu alizozikunja.

Mwanawe alipiga simu kwa kampuni jioni ile ile, akaiweka kwenye spika, nyumba nzima ikasikia. Baada ya muziki mrefu alipokea msichana mwenye sauti laini.

"Nataka kuongeza chaneli moja. Ile ya treni, iliyokuwa juu kabisa."

"Subiri kidogo, mteja wetu." Vidole viligonga. "Samahani, chaneli hiyo haipo tena. Ilikuwa inakuja na vifurushi vya zamani. Wateja walipopewa nafasi ya kuchagua, haikupata aliyeichagua, kwa hiyo imeondolewa."

"Mimi naichagua."

"Nimekuelewa. Ila imeshaondolewa."

"Dada yangu, nisikilize. Mamangu ni mgonjwa, hasemi. Aliitazama kila siku, hatukujua. Nitalipia hata kile kifurushi kikubwa chote."

"Vifurushi vimefutwa, mteja wetu. Sasa unalipia unachotazama tu." Vidole viligonga tena. "Naweza kuandika maoni yako. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Bi Kipaza aliposikia maneno hayo ya mwisho alifumba macho. Aliyajua. Aliyasema maisha yake yote, kwa watu waliolala kwenye mabegi yao sakafuni, na hakuna siku hata moja ambayo kuyasema kwake kulileta basi. Hakumchukia msichana yule. Alimjua kabisa: mtu yuko ndani ya kioo, anawaona watu, na hana gari la kuwapa.

Mwanawe alikata simu akabaki ameishika. "Mama, nisamehe," alisema. Akasema tena, na tena, na mamake hakuwa na njia ya kumwambia basi, mwanangu, imetosha.

Binti ndiye aliyejaribu. Siku chache zilizofuata aliketi miguuni pa bibi yake na simu, akatafuta, akapata treni. Alikuwa na furaha kubwa. "Bibi, ona! Zipo nyingi!" Picha ilikuwa ndogo kama kiganja, na jicho la kulia la Bi Kipaza tangu augue lilikuwa halioni pembeni. Juu ya treni kijana fulani alikuwa akieleza bila kupumua ni aina gani ya injini, na kila aliponyamaza liliingia tangazo la sabuni. Kisha bando likakwisha, mjukuu akasonya, akaomba radhi kwa kusonya. Bi Kipaza alimpapasa nywele. Alitazama mpaka mwisho kwa ajili yake, kama mtu anavyokula chakula kilichoungua cha mtoto anayejifunza kupika.

Maisha yakaendelea. Mkwe alibadilika, sasa alipouliza jambo alisimama akangoja, ingawa alichongoja hakikuja, na wakati mwingine walibaki wakitazamana hivyo mpaka mmoja akaona haya. Alijaribu pia kuizima televisheni asubuhi. Lakini nyumba ikiwa kimya ilimtisha, alikuja mbio kutoka karakana kila mara kuangalia kama Mama anapumua, na kazi za watu zikalala. Akairudisha.

Mwisho wa mwezi kampuni ilituma ujumbe: thibitisha chaguo lako, au ondoa usichokitazama. Mwanawe aliketi sebuleni na orodha kwenye skrini. Mieleka akaiondoa, alikuwa hana hamu nayo. Mkewe akaondoa ya mapishi.

"Na zile mbili za Mama?" aliuliza mkewe kwa upole. "Sasa tunajua hazitaki. Ni hela tunatupa."

Mwanaume aliipandisha orodha mpaka kwenye jina la mamake. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. "Nikiziondoa," alisema, "pale penye jina lake patabaki patupu." Akatafuta neno jingine asilipate. "Itakuwa kama tumemtoa."

Bi Kipaza alikuwa akiwasikiliza. Alitaka kumwambia azitoe, mpumbavu wee, anunue viatu, soli ya kushoto imeachia wiki ya pili sasa. Hakufungua kinywa, alikwisha kujua kitakachotoka.

Mwanawe alithibitisha zote mbili. Skrini ikawashukuru. Habari zikaanza, mwenye tai akaeleza bei za vitu katika nchi za mbali, na mchanganya rangi akavuta kiti chake kando ya kiti cha mamake watazame pamoja. Alikuwa amechoka. Haikupita muda kichwa kikamlemea, akasinzia, mdomo wazi, kucha zake zina kijani cha ukuta wa mtu. Mamake aliacha skrini akamtazama yeye, mpaka chakula kilipoiva na mkwe akaja kuwaita.